Mafuta Nayo ni Mzigo: Toka Wapagazi wa Unyanyembe Hadi Satelaiti

Mfanyabiashara wa asali, karanga au tumbaku mjini Tabora anajua kwamba faida huliwa njiani. Bei ya Dar es Salaam inaweza kuwa nzuri, lakini ukishatoa nauli ya shehena kinachobaki ni kidogo. Sehemu kubwa ya nauli hiyo ni mafuta, na mafuta yenyewe ni mzigo unaobebwa na gari.

Hesabu hiyo ni ya zamani. Katika karne ya 19, Tabora ikijulikana kwa wageni kama Kazeh, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Safari ya kutoka pwani ilichukua kama miezi mitatu. Siku 90 ni zaidi ya kilo 60 za chakula, mara mbili ya mzigo wenyewe. Kama angelazimika kubeba chakula chake chote, asingekuwa na nafasi ya kubeba hata kipande cha pembe.

Ndiyo maana misafara ilibeba merikani na shanga, ikanunua nafaka vijijini, na huko Ugogo ikalipa hongo ili kupata maji na ruhusa ya kupita. Taabu ilikuwa Mgunda Mkali, pori lililotenganisha Ugogo na Unyanyembe. Huko hakukuwa na wa kuuza chakula, na kila mtu alikula alichobeba.

Satelaiti iko Mgunda Mkali tangu siku ya kwanza. Hupanda na mafuta yake, na yakiisha haiwezi kujisogeza, hata kama mitambo yake yote bado ni mizima. Mwaka 2020 kampuni ya Northrop Grumman ya Marekani ilipeleka chombo kiitwacho MEV-1 kikaishika satelaiti ya mawasiliano Intelsat 901, iliyorushwa mwaka 2001 na kukaribia kumaliza mafuta. Satelaiti hiyo ilirudi kazini kwa miaka mitano zaidi. Intelsat ilikuwa ikilipa kiasi cha dola milioni 13 kwa mwaka kwa huduma hiyo, ambayo kwake ilikuwa nafuu kuliko kununua satelaiti mpya.

Ugumu uko katika kukutana. Chombo kinachosogelea kingine hupiga injini ndogo mara kwa mara, mbele, nyuma na pembeni. Kila pigo hula akiba, na gesi inayotoka inaweza kuchafua vioo na paneli za jua za chombo cha pili.

Hapo ndipo wataalamu walipofikiria sumaku ya umeme. Waya ukizungushwa kuwa pete kubwa na kupitishiwa umeme, pete hugeuka sumaku. Vyombo viwili vyenye pete za namna hiyo vinaweza kuvutana, kusukumana au kugeuzana kwa kubadili umeme tu, na umeme hutoka kwenye paneli za jua. Mafuta hayaguswi. Chuo cha MIT na Chuo Kikuu cha Maryland vilipeleka pete hizo katika Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2013, katika jaribio lililoitwa RINGS. Zilitumia umeme wa kubadilika mwelekeo, kwa sababu umeme wa mwelekeo mmoja huifanya pete ipindwe na usumaku wa dunia, kama sindano ya dira.

Mwenye fedha za kuwekeza lakini asikimbilie. Nguvu ya sumaku hupungua vibaya kwa umbali: pete zikishatengana vya kutosha, umbali ukizidishwa mara mbili nguvu hubaki sehemu moja ya 16. Pili, vyombo hivyo vinaweza kusogezana vyenyewe kwa vyenyewe tu. Haviwezi kuhamisha jozi nzima kwenda njia nyingine. Kwa hiyo roketi na injini zake bado zinahitajika, na anayeuza hisa za "injini isiyotumia chochote" aulizwe umeme wake unatoka wapi na anajisukuma dhidi ya kitu gani.

Kampuni ya Astroscale ya Japani ilionja mipaka hiyo. Chombo chake ELSA-d, kilichorushwa Machi 2021, kilimwachia mwenzake na kumnasa tena kwa sumaku Agosti mwaka huo. Sumaku ilifanya kazi. Kilichoharibika baadaye ni injini za kusukuma: nne kati ya nane zilipotea, na jaribio gumu zaidi halikukamilika. Hata hivyo hisa za kampuni hiyo ziliingia Soko la Hisa la Tokyo Juni 2024.

Kwa mwenye ghala Tabora, sumaku iliyo karibu zaidi ni ya reli. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, husukumwa na mota zinazozungushwa na nguvu ileile, kwa umeme wa volti 25,000 unaotoka kwenye waya wa juu. Haibebi tangi la dizeli, na breki zake zinaweza kugeuza mwendo kuwa umeme tena. Ni kama msafara unaokuta chakula kila hatua, ilimradi mwenye ghala la chakula asilale: umeme wa gridi ukikatika, hakuna akiba ndani ya behewa.

Mikataba ya Makutupora–Tabora, Tabora–Isaka na Tabora–Kigoma imekwisha kutiwa saini. Lakini hadi mwaka 2025 treni hiyo ilikuwa ikiishia Dodoma, na gunia la karanga la Tabora lilisafiri kwa lori au kwa reli ya zamani iliyofika mjini hapo mwaka 1912, bei ya dizeli ikiwa ndani ya nauli.