Kiti cha pikipiki cha watu wawili: kikalie kwanza, umalizie kulipa baadaye

Kama unaendesha boda Kisii au Nyamira, unajua mahali siku inapokuuma. Ni kiunoni. Ikifika saa kumi jioni, baada ya kupanda na kushuka kati ya Keroka na Rigoma tangu asubuhi, unaanza kukalia upande mmoja, halafu unahamia ule mwingine. Mara unasimama kidogo kwenye vikanyagio na kujifanya umeona tuta. Abiria wako nyuma hasemi kitu. Lakini kesho yake unamwona anapita steji yenu na kupanda pikipiki ya mwenzako.

Mara nyingi injini haina shida. Kiti ndicho kimekufa. Sponji imelala, kava imepasuka karibu na keria pale unapofunga magunia ya majani chai na mikungu ya ndizi, na mvua yetu ya alasiri imeingia ndani. Ukikalia asubuhi, suruali inalowa hata kama hakujanyesha.

Sisi kazi yetu ni malipo ya simu, si kushona viti. Lakini ununuzi wa kiti ni aina ya biashara inayoleta ugomvi kirahisi, kwa sababu pesa hutumwa kabla kitu hakijatengenezwa. Ukishatuma yote, unabaki kungoja na kutumaini. Kwa hivyo leo tuzungumze mambo mawili kwa pamoja: namna ya kuchagua kiti ambacho wewe na abiria mtakikalia bila kulalamika, na namna ya kukilipia bila kujuta.

Je, ni kiti kizima au ni sponji tu?

Kiti cha pikipiki kina sehemu tatu: bamba la chini la chuma au plastiki linaloshika kwenye fremu, sponji, na kava ya juu. Kabla hujaulizia bei, ng'oa kiti chako ukigeuze.

Kama bamba halijapasuka, kufuli inashika na vile vimpira vya chini viko, hauhitaji kiti kipya. Unahitaji sponji na kava, na hiyo ni kazi ya fundi wa viti. Lakini kama bamba lina ufa au kiti kinacheza ukikishika, usikubali kushonewa kava mpya juu ya ugonjwa wa zamani. Kiti kinachocheza kwenye mteremko na mtu nyuma ni hatari.

Ukiamua kununua kizima, beba kile cha zamani mpaka dukani. Usiseme tu "ya Boxer" au "ya TVS", kwa sababu jina moja lina pikipiki za ukubwa tofauti, na vishikio vya kiti vinaweza kutofautiana. Linganisha matundu na vishikio kimoja kimoja, ukiviweka viti viwili sako kwa bako.

Milima yetu inataka kiti cha aina gani?

Kiti kinachofaa barabara tambarare si lazima kifae huku. Sisi tuna kupanda na kushuka, na ndipo makosa ya kiti yanapoonekana.

Angalia mwinamo. Kiti kikiinama kuelekea kwenye tanki, kila ukifunga breki kwenye mteremko abiria anateleza na kukulalia mgongoni. Wewe unasukumwa kwenye tanki, na mikono ndiyo inabeba uzito wa watu wawili. Hapo ndipo maumivu ya mabega yanapotoka. Mwambie fundi mahali pako pawe karibu tambarare, na mahali pa abiria pawe na kijipandio kidogo mbele yake cha kumzuia asije kwako. Nyuma kabisa paumuke kidogo, ili wakati wa kupanda mlima asirudi mpaka kwenye vyuma vya keria.

Angalia sponji. Wengi huchagua kwa kubonyeza na kidole: ikizama sana, wanasema "hii ni poa". Sponji laini sana ni tamu kwa dakika tano tu. Baada ya hapo inazama yote, na unakuwa umekalia bamba. Weka goti lako juu ya kiti na uegemee kwa uzito wote. Ukisikia kitu kigumu chini, hiyo haitakufikisha mbali. Kiti kizuri kina sponji ngumu kiasi chini na safu nyembamba laini juu. Pia uliza kama ni kipande kimoja au ni vipande vilivyogandishwa kwa gundi. Vipande huachana, na katikati panatokea bonde.

Angalia upana na urefu wa kwenda juu. Nyuma pawe pana pa kutosha kubeba makalio, lakini karibu na tanki pawe pembamba ili miguu ishuke chini moja kwa moja. Fundi akiongeza sponji nyingi, kiti kinapanda. Ukisimama kwenye matope, mahali palipoinama, mguu usipofika chini mnaanguka wewe na abiria. Na mkumbuke yule mama mzee anayepanda akiwa amevaa leso: kila kiti kinapopanda, yeye anapata taabu zaidi.

Angalia mishono. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Mshono ukipita katikati ya mahali pa kukalia, mvua itaingia hapo. Omba mishono ikae pembeni, na chini ya kava pawekwe karatasi ya nailoni nzito kabla ya kufunika sponji. Kava yenyewe isiwe ile inayong'aa kama sakafu iliyopigwa rangi. Inapendeza steji lakini ikilowa inateleza.

Jambo moja zaidi. Wako wanaomwambia fundi avute kiti kirefu "waingie watatu". Sheria ya trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya dereva. Tena ukiweka uzito nyuma ya ekseli kwenye mlima, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani haukutii. Kiti cha watu wawili kibaki cha watu wawili.

Lipa mara mbili, si mara moja

Tuchukue mfano. Mmeelewana na fundi shilingi 2,500 kwa sponji mpya, kava na kazi. Hii ni hesabu ya mfano tu. Bei hutegemea pikipiki, vifaa na mahali ulipo, kwa hivyo uliza angalau mafundi wawili.

Fundi ana haki ya kuomba pesa ya vifaa, kwa sababu akishakata sponji ya kiti chako hawezi kumuuzia mwingine kwa urahisi. Lakini wewe pia una haki ya kubaki na kitu mkononi. Kwa hivyo gawa: tuma 1,000 ya vifaa leo, na 1,500 baada ya kukikalia kiti. Mwambie wazi, bila aibu: "Fundi, natuma elfu moja ya sponji na kava. Hiyo ingine namaliza nikishazunguka nacho na mtu nyuma." Fundi anayejiamini hatakataa. Akisisitiza yote kwanza, nenda kwa mwingine.

Kama ana nambari ya till, lipa hapo badala ya kutuma kwa nambari yake binafsi. Jina la biashara litatokea kwenye ujumbe, na hutaambiwa "tuma na ya kutoa". Soma jina linaloonekana kabla ya kukubali malipo yaende. Kama bango limeandikwa jina moja na simu inaleta jina tofauti kabisa, uliza kwanza. Huenda ni till ya ndugu yake, au huenda mtu amebandika nambari yake juu ya ile ya fundi.

Halafu fanya kitu ambacho wengi wanasahau. Ujumbe wa malipo unaonyesha pesa ngapi zimeenda, kwa nani na saa ngapi. Hausemi mlielewana kiti gani. Hiyo sehemu andika wewe. Mara tu baada ya kulipa, mtumie fundi ujumbe mfupi kama huu:

"Fundi, nimelipa 1,000 kati ya 2,500. Kiti cha Boxer, sponji kipande kimoja, nailoni ndani, mishono pembeni. Nachukua Ijumaa saa kumi. Baki 1,500 baada ya kujaribu."

Akijibu "sawa", una mkataba. Usifute huo ujumbe, wala ule wa malipo.

Jaribio la watu wawili

Siku ya kuchukua kiti, usiende peke yako. Kiti cha watu wawili kikijaribiwa na mtu mmoja bado hakijajaribiwa. Chukua mwenzako wa steji, ikiwezekana mtu mwenye mwili, na mwende mlima mmoja juu na chini, angalau dakika kumi na tano. Njia ya Nyamira kwenda Kebirigo itawaambia ukweli. Kama uko Tabaka au Ogembo, mlima hauko mbali.

Mkirudi, muulize yule wa nyuma maswali matatu. Uliteleza kuja mbele nilipofunga breki? Miguu ilifika kwenye vikanyagio bila magoti kupanda juu sana? Ulipata mahali pa kushika, au kava imefunika chuma cha mkono? Wewe nawe jiulize kama ulihisi bamba, na kama kufuli ya kiti inashika bila kupigwa ngumi. Mwisho, mwaga kikombe cha maji juu ya kiti, subiri, kisha bonyeza karibu na mshono. Maji yakitoka, kiti kinarudi kwa fundi.

Kukiwa na kasoro, fundi anarekebisha hapo hapo na 1,500 zako bado ziko kwenye simu. Kukiwa sawa, mlipe yote papo hapo na umpe asante yake. Usimzungushe mtu aliyefanya kazi nzuri. Na kwa mafundi wanaotusoma: usiachie kiti kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe unaweza kutungwa. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Ukiagiza kutoka mbali

Wengine huona kiti kwenye picha na kukiagiza kutoka Nairobi, kije na matatu mpaka Kisii mjini. Picha haina sponji. Kama humjui muuzaji, omba kulipa ukichukua mzigo, au mwombe mtu wako aliye Nairobi akipitie dukani. Muuzaji anayetaka yote kabla ya kutuma, tena haraka, tena kwa nambari binafsi, mwache na picha yake.

Na hapa tuwe wazi. Kurudishiwa pesa kupitia mtoa huduma kumewekwa kwa ajili ya pesa iliyoenda kwa nambari isiyo sahihi. Kwa M-PESA, kwa mfano, unapeleka ule ujumbe wa malipo kwa 456 mara moja. Njia hiyo si ya kuvunja biashara ambayo hukuipenda. Kama ulimtumia muuzaji uliyemkusudia na kiti kikaja kibaya, hilo ni jambo lako na yeye, na pesa ikishatolewa kwa ajenti ni vigumu kuifuata. Ndiyo maana tunasisitiza baki ibaki kwako mpaka ukalie.

Pesa itoke wapi?

Kiti hakifi siku moja. Ukianza kuona bonde, anza kuweka. Shilingi 50 kila siku kwenye akaunti ya akiba ya simu, kwa siku 50, ni hizo 2,500 za mfano wetu. Iweke asubuhi baada ya abiria wa kwanza, kabla ya mafuta na chai kuimaliza. Kukopa kwa simu ili kushona kiti kunawezekana, lakini soma ada kwanza na uiongeze kwenye bei ya fundi. Kiti cha 2,500 kinaweza kuwa cha zaidi ya hapo ukichelewa kulipa mkopo. Kama steji yenu ina chama, ongeeni: mafundi wengi hupunguza bei wakiletewa viti vitano kwa mara moja, na kila mtu analipa chake kwenye till akiwa na ujumbe wake.

Kwa hivyo leo jioni, ukishaegesha, ng'oa kiti ukigeuze. Weka goti juu yake. Ukisikia bamba, hesabu ya siku zako 50 ianze kesho asubuhi.