Kabla Hujalipia Kiti cha Biashara kwa Simu

Ukitoka Bungoma au Kitale kupitia Eldoret na Jambojet, jua kwanza kwamba kiti cha daraja la biashara kinaanzia Nairobi. Ndege za Jambojet za Eldoret ni Dash 8 zenye viti 78, vyote vya daraja moja. Kwa hivyo ajenti akikuuzia "biashara, Eldoret hadi Lusaka", muulize ni kipande gani hasa unalipia.

Kwenye Embraer 190 za Kenya Airways, viti vya biashara ni 12 tu. Vya kawaida ni 84. Ni vichache kweli, na hapo ndipo matapeli hukuharakisha: "Kimebaki kimoja, tuma sasa hivi kwa namba yangu."

Pole pole. Nafasi ikihifadhiwa kweli, unapewa alama sita, herufi na tarakimu. Ziweke pamoja na jina lako la ukoo kwenye tovuti ya shirika lenyewe, uone safari yako. Angalia pia herufi ya daraja: J au C kwa kawaida ni biashara, Y si biashara. Kisha lipa Paybill ya shirika, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Pesa ikienda kwa namba ya mtu na aitoe, kuirudisha ni kazi ngumu, hata kwetu.

Kwa M-Pesa, tangu 2023 muamala mmoja hauzidi Sh250,000. Tiketi za watu wawili zaweza kupita hapo. Ongea na shirika. Ajenti akisema "nusu nitumie mimi", kataa.