Spika Ikikwaruza, Punguza Sauti

Matangani, kwenye baraza za chifu hata Uwanja wa Bukhungu, kazi ya spika ni ileile. Ndani mna sumaku isiyosogea, na katikati yake koili ya waya mwembamba wa shaba iliyoshikamana na koni ya karatasi. Amplifaya ikipitisha umeme, koili nayo huwa sumaku. Umeme ukigeuka, koili huvutwa ndani na kusukumwa nje, mara mamia kwa sekunde. Koni hutikisa hewa, na mtikisiko huo ndio sauti. Mnunuzi wa spika ya mtumba anaweza kujionea: betri ya tochi ikigusishwa kidogo kwenye nyaya zake mbili, koni nzima hushtuka.

Sehemu kubwa ya umeme huo, hata hivyo, huishia kuwa joto. Ndiyo maana spika za kukodi hufa usiku wa manane: sauti imefunguliwa hadi mwisho, inakwaruza, hakuna anayejali, koili inaungua na mwenye matanga anadaiwa. Ikianza kukwaruza, ipunguzwe mara moja. Watoto nao wasilazwe karibu nayo. Masikio yakishaharibiwa na kelele hayaponi.