Ibo: Mji wa Mawe na Wakati wa Kwenda



Wapo wasemao kwamba kutembelea miji ya kale ni starehe ya matajiri. Sisi hatukubali. Aliyechoma chokaa na kubeba mawe alikuwa mfanyakazi, na wajukuu zake wana haki ya kuiona kazi yake. Basi mwenye likizo aufikirie mji wa Ibo, katika visiwa vya Kirimba, pwani ya Cabo Delgado.

Ibo ulikuwa makao makuu ya Cabo Delgado kabla ya cheo hicho kuhamia Pemba, iliyoitwa Porto Amélia. Ulitajirika kwa pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Mwaka 1791 Wareno walijenga hapo ngome ya São João Baptista, yenye umbo la nyota. Baadaye ikawa gereza, na wapigania uhuru wa Msumbiji waliteswa humo. Kampuni ya Niassa, iliyotawala eneo hili kuanzia 1891 hadi 1929, iliwatoza watu kodi ya nyumba na kuwashurutisha kazi. Ndiyo sababu moja iliyowafanya Wamakonde wengi kuvuka Ruvuma, wakaenda kukata mkonge Tanganyika.

Makao yalipohama, nyumba nyingi ziliachwa, na mizizi ya miti ikapasua kuta. Katika miaka ya 2000 baadhi zilikarabatiwa zikawa nyumba za wageni. Ndani ya ngome masonara walifua mikufu ya fedha, ufundi wa kisiwa hicho tangu zamani.

Wakati mzuri wa kwenda ni kiangazi, Mei hadi Oktoba. Kusi likipungua, Septemba na Oktoba, bahari huwa shwari zaidi. Masika epukeni: tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilibomoa nyumba nyingi za Ibo. Mashua za kutoka Tandanhangue hungoja maji yajae, kwa kuwa yakitoka mkondo hubaki tope. Tena, tangu Oktoba 2017 vita vimeusumbua mkoa huu, vikawaleta wakimbizi Ibo na kuwafukuza wageni. Kwa hiyo ulizeni kwanza habari za usalama, Pemba na kwa wenye mashua.

Mkifika, nunueni kwa masonara wenyewe, kuleni kwa wenyeji, na muwaulize waashi wanalipwa nini. Jibu lao ndilo litakalowaambia kama mji umefufuka.

Umoja ni nguvu.