Mashujaa wa njia ya Tabora tusiowataja

Ndugu msikilizaji, waliosoma hadithi za kale za Ulaya wanamfahamu Mfalme Arthur na mashujaa wake wa Meza ya Duara. Jina linalovuma ni la Lancelot. Bedivere, aliyebaki na mfalme hadi mwisho na kwenda kuutupa upanga wake majini, hutajwa na wachache. Ndivyo sifa zilivyo: mmoja hupakuliwa sinia zima, wenzake huachiwa makombo.

Nasi kwetu mambo ni hayo hayo. Taja njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo na Mgunda Mkali hadi Tabora na Ujiji, na jina la kwanza utakalosikia ni Mirambo wa Urambo. Sifa hiyo anaistahili. Aliwakabili kwa vita wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, na leo katikati ya Dar es Salaam kuna mtaa wenye jina lake. Lakini je, alikuwa peke yake?

Kabla yake alikuwapo Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, ambaye wazungu waliliandika jina lake Manua Sera. Aliupata utemi baada ya Fundikira, mwishoni mwa miaka ya 1850. Akaamuru kwamba Waarabu waliokuwa wakitajirika katika nchi yake walipe ushuru wa bidhaa zao. Walikataa, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sele akaingia porini na watu wake, akawa anaisumbua misafara. Mwaka 1861 alimwendea njiani msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, akamwomba awe msuluhishi. Suluhu haikupatikana, na mwaka 1865 aliuawa. Vita vyote hivyo vilianzia kwenye jambo moja: nani mwenye haki ya kutoza ushuru katika nchi.

Katika ukoo huo huo wa watemi alitoka Nyungu ya Mawe, mtu mwenye jicho moja. Yeye aliiacha Unyanyembe, akaenda kusini mashariki, katika mapori ya Ukimbu, na miaka ya 1870 akaziteka himaya ndogo ndogo nyingi za huko. Nguvu yake ilikuwa rugaruga, vijana wenye magobore, manyoya kichwani na nguo nyekundu. Wengine walikuwa mateka, wengine wapagazi waliotoroka misafara. Hawakupigania ukoo, walimpigania bwana wao na ngawira.

Tusiwapake mafuta. Rugaruga walichoma vijiji na kuteka watu, kama vile mashujaa wa Ulaya wenye farasi na deraya walivyopora mazao ya wakulima maskini, ingawa hadithi zinawasifu kwa kuwatetea wanyonge. Mwanakijiji aliyechomewa ghala lake hakuona ushujaa wowote.

Hata hivyo, Nyungu alifanya jambo ambalo Mirambo hakulifanya. Mirambo aliposhinda, mara nyingi alimwacha mtemi wa mahali, au alimweka ndugu yake, mradi amtii. Nyungu aliweka watu wake mwenyewe, walioitwa watwale, kila mmoja na eneo lake, wakusanye pembe za ndovu na kuzifikisha kwake. Wote wawili walifariki Desemba 1884. Dola ya Mirambo ilianza kumeguka mara moja. Ile ya Nyungu ilirithiwa na binti yake, Mugalula, ikasimama hadi Wajerumani walipoivunja mwaka 1895. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Na huko Tabora, kiti alichopewa Mkasiwa kilikuja kukaliwa na Isike. Utemi uliokuwa umesimikwa na wageni ukawa ndio uliowapinga wageni wapya. Januari 1893 majeshi ya Tom von Prince yalipoivunja ngome yake, Isike alijilipua kwa baruti kuliko kutekwa.

Kwa nini basi Mirambo anavuma kuliko hawa? Sababu mojawapo ni kalamu. Stanley alikutana naye mwaka 1876, wakachanjiana udugu, kisha akamfananisha na Napoleon katika kitabu kilichosomwa dunia nzima. Nyungu hakupata mpiga debe wa namna hiyo. Habari zake nyingi tunazipata kwa kuwa wazee wa Kikimbu walizihifadhi vichwani, na miaka ya 1960 Padri Aylward Shorter akaketi nao, akasikiliza, akaandika.

Ndugu msikilizaji, wazee wale hawapo tena. Lakini kila ukoo bado una mtu anayejua babu alibeba mzigo wa nani, alikimbia vita gani, na ni nani aliyemficha. Muulize sasa, na uandike. Tukisubiri mgeni apite na kalamu yake, ataandika jina moja tu.

Kwa leo ni hayo. Tukutane wiki ijayo.