Bogenvilia Yako Haina Njaa

Swali ni lile lile, picha tu ndiyo inayobadilika. "Mtaalamu, bogenvilia yangu ina majani mazuri sana ila haitoi maua. Niiwekee mbolea gani?" Mwezi huu nimeulizwa mara nne. Picha zenyewe nazo ni kama pacha: ukuta, na juu yake rundo la kijani lililonona kama mchicha wa bondeni.

Hakuna mbolea ya kukupa. Mbolea ndiyo iliyokufikisha hapo.

Majuzi niliitwa na mama mmoja wa Tabata. Nikamwamkia, akaitikia, na hata kiti sikukaribishwa. Moja kwa moja ukutani. Machipukizi yalikuwa yamenipita kimo, majani yamejaa kiganja. Chini ya shina kulikuwa na chembe nyeupe zilizogandana. Nikachoma kidole udongoni, kikatoka na tope linalonuka mtaro.

"Mama, unaimwagilia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni, mwanangu. Sijaacha hata siku moja."

"Na hizi nyeupe?"

"Urea. Kijana wa bustani aliniambia ina njaa. Kikombe kimoja kila Jumamosi."

Kikombe! Asilimia 46 ya urea ni naitrojeni, na kazi ya naitrojeni ni kujenga majani na matawi. Ndiyo maana wakulima wa mahindi wanaipenda. Ukiimwagia bogenvilia kiasi hicho, tena na maji juu yake, umeiamuru iote majani, nayo imetii. Kisha unailalamikia.

Tazama tawi lolote kwa karibu. Kwenye kwapa la jani, pale linapoungana na tawi, kuna kichipukizi kidogo. Hicho kinaweza kuwa mwiba au kikonyo cha maua. Ni kiungo kimoja chenye njia mbili, na hali ya mmea ndiyo inayoamua kipite ipi. Mmea ukiwa katika mbio za kukua, maji tele, naitrojeni tele, vichipukizi vingi vinaishia kuwa miiba. Mbio zikipungua, vinaanza kuchanua. Kwa hiyo lile tawi refu, nene, lenye miiba mirefu ambalo wenye nyumba hunionyesha kwa fahari kuwa "mmea una afya" ni hesabu ya maua waliyoyakosa. Yule mama nilimhesabia miiba kumi na tisa kwenye tawi moja. Hakufurahi.

(Tukiwa hapo hapo: ile rangi tunayoiita ua si ua, ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni vile vijimrija vyeupe vilivyojificha katikati.)

Kinachopunguza mbio hizo ni kiu. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, usiku unaporefuka nao huusukuma mmea kuchanua, ndiyo maana vitabu vya huko vimejaa habari za urefu wa mchana. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa moja, kwa hiyo tulichobaki nacho ni jua kali na ukavu. Mpira wa maji ukifanya kazi kila jioni, umeifutia bogenvilia kiangazi chake.

Wengine hunijibu kwamba huu ni mmea wa Kizungu, lazima udekezwe. Cha Kizungu hapo ni jina tu, la baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville. Mtaalamu wa mimea wa safari yake, Philibert Commerson, aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767. Kwao ni Amerika Kusini. Na wanaokuja na maji ya mchele, soda, au msumari wa kugongelea shinani, naomba wanipumzishe. Msumari unaacha jeraha, basi.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na yule mama, kuna nyumba iliyoishia kwenye lenta. Hakuna bomba. Ukuta wake wote ni zambarau tupu. "Ile ni aina nyingine," akaniambia. Nikamuuliza ilitoka wapi. Akanyamaza kidogo. Alimpa mlinzi wa nyumba hiyo pingili mwenyewe, kutoka kwenye hii hii yake.

Haya, ya kufanya. Funga bomba, maji yarudi udongo ukikauka hadi kiungo cha pili cha kidole, na hapo mwagilia kwa kushiba. Mche mpya uupe maji ya kawaida miezi michache ya mwanzo, mpaka ushike. Jua la moja kwa moja si chini ya saa sita. Chini ya mwembe usijisumbue. Nunua ikiwa imechanua, kwa sababu muuzaji wa barabarani atakuapia rangi yoyote uitakayo, na ujue ya chungwa huzeeka ikawa ya waridi. Ukipanda, kiriba kikate kwa wembe, usikivute, mizizi ya bogenvilia hukatika upesi. Rangi zikipukutika, pogoa, maana huchanua kwenye matawi machanga, na uvae glavu. Iliyo ardhini, samadi iliyooza mara moja mvua zinapoanza inatosha. Ya kwenye chungu ndiyo pekee yenye haki ya kudai chakula: kijiko cha chai cha NPK 17-17-17 kila baada ya miezi miwili, chungu kiwe na matundu, na kile kisahani cha chini kinachotuama maji kiondoe.

Urea iliyobaki mwambie kijana aipeleke kwenye mchicha.