Je, wajua? Jeki huinua gari, haishikilii

Je, wajua kwamba ile jeki fupi ya mafuta yenye umbo la chupa, inayolala nyuma ya Probox nyingi kati ya Migori, Rongo na Homa Bay, hutumia kanuni ya karne ya 17? Mfaransa Blaise Pascal ndiye aliyeeleza kuwa ukikandamiza kiowevu kilichofungiwa chomboni, shinikizo husambaa sawasawa kila upande. Mwaka 1795, Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo.

Ndani ya jeki mna pistoni mbili. Tuseme ndogo ina kipenyo cha sentimita 1 na kubwa sentimita 3. Eneo la kubwa ni mara 9 ya lile la ndogo, kwa hiyo nguvu nayo huzidishwa mara 9. Mpini, ambao ni wenzo, waweza kuizidisha mara 20 zaidi. Ukiacha msuguano, mkono unaosukuma kwa kilo 3 huinua zaidi ya nusu tani. Gharama yake ni mwendo: pistoni ndogo ikishuka sentimita 2, kubwa hupanda milimita 2 tu. Ndiyo sababu fundi hupiga mpini mara nyingi kabla gurudumu halijaachana na ardhi.

Nusu tani ikikalia pistoni kubwa, mafuta hubanwa kwa takriban kilo 70 kwa kila sentimita mraba, zaidi ya mara 30 ya upepo wa tairi. Kinachoyazuia yasirudi ni mpira mwembamba wa duara na kigololi cha chuma kinachoziba tundu. Mpira ukichakaa, au chembe ya mchanga ikikwama chini ya kigololi, gari hushuka, pengine polepole, pengine kwa kishindo. Kazi ya jeki basi ni kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi: chuma chenye miguu mipana na pini, kisicho na mafuta wala vali. Anayeingia chini kubadilisha bushi huku gari likitegemea jeki pekee ameukabidhi uhai wake kwa kipande cha mpira.

Ardhi nayo ina neno lake. Bonde la Lambwe, kule Homa Bay, lina udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kulainika mvua ikinyesha. Kitako cha jeki chenye sentimita 10 kwa 10 kikibeba nusu tani huukandamiza udongo kwa kilo 5 kwa kila sentimita mraba. Weka chini yake ubao mgumu na mnene wa sentimita 30 kwa 30, na shinikizo hilo hupungua hadi karibu nusu kilo. Stendi pia zahitaji ubao kama huo. Tofali na jiwe visitumike kushikilia gari: chuma chembamba kikivikalia mahali pamoja, vyaweza kupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Halafu kuna kubingirika. Kwenye Probox inayoendeshwa na magurudumu ya mbele, breki ya mkono hushika ya nyuma, na gia ya P, ile ya kuegeshea kwenye gari la otomatiki, hushika ya mbele. Ukiinua nyuma yote, breki ya mkono haina tena la kushika ardhini. Ukiinua gurudumu moja la mbele, P nayo haitoshi, kwani gia za ekseli huliacha lile la hewani lizunguke huku mwenzake akibingirika. Dawa ni kabari, mbele na nyuma ya kila gurudumu lililobaki chini.

Kwa hiyo chagua mahali tambarare, legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, tia kabari, kisha inua kwa kuweka jeki pale palipokusudiwa na mtengenezaji. Weka stendi chini ya chuma imara cha bodi na ulishushe gari juu yake. Gurudumu ulilofungua lilaze chini ya ubavu wa gari, liwe kinga ya pili. Mtu yeyote asibaki ndani ya gari. Mwisho, kabla hujaingia chini, simama kando ulisukume kwa nguvu. Likiyumba, liinue tena, uzipange stendi upya, kisha ulijaribu tena.